Habari za Shanta la Mwindaji

Wasikilizaji, katika mazungumzo haya nataka kueleza habari za chombo ambacho watu wengi hukitazama bila kukifikiri, nacho ni shanta, yaani mfuko unaochukuliwa mgongoni kwa kanda mbili zipitazo mabegani. Sisemi shanta la askari wala la mwanafunzi, bali la mwindaji wa nchi za baridi, yule aendaye porini siku tano au kumi, mbali na barabara, wala hana mpagazi. Mtu huyu akiwa na shanta baya hupata hasara mbili. Wakati wa kwenda, malazi yake hulowa, na katika nchi za theluji mtu aliyelala ndani ya blanketi la majimaji aweza asiamke. Wakati wa kurudi, nyama aliyoipata kwa taabu humwozea mgongoni. Kwa hiyo watu wa huko wamejisumbua na chombo hiki tangu zamani sana, na katika kukitengeneza waligundua jambo ambalo si rahisi kulidhani, ya kuwa kuzuia mvua si sifa njema daima. Nitakuja kulieleza jambo hili mbele.

Tarehe 19 Septemba mwaka 1991, watu wawili waliokuwa wakitembea katika milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, waliona maiti imetokeza katika barafu, mahali palipo juu ya bahari kadiri ya mita 3,200. Kwanza ilidhaniwa kuwa ni mpanda mlima aliyepotea siku za karibuni. Wataalamu walipoipima, kumbe mtu yule alikufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita! Wakamwita Ötzi, kwa jina la bonde lililo karibu na mahali pale. Alikuwa na shoka la shaba, upinde mrefu usiokwisha kuchongwa, na podo lenye mishale 14, ambayo miwili tu ilikuwa tayari. Karibu yake kilionekana kiunzi cha miti: fimbo ya mti wa hazeli, urefu wake kama mita mbili, imepindwa hata ncha zake zote mbili zikaelekea chini, pamoja na mbao mbili nyembamba za kuziunganisha ncha zile. Wataalamu wengi husema hicho ndicho kiunzi cha shanta lake. Wako waliopinga, wakasema kilikuwa kiatu cha kukanyagia theluji. Lakini mimi naona neno la wale wa kwanza lina nguvu zaidi, maana wachukuzi wa milima ile ile waliendelea kubeba mizigo kwa viunzi vya miti mpaka nyakati za babu zetu.

Pamoja na vitu hivyo palikuwa na mkeka wa majani marefu. Wengine husema Ötzi aliuvaa mabegani kama joho, wengine husema alijifunikia mvua. Kila mwenye nyumba ya makuti ataelewa kazi ya majani kama hayo. Makuti hayazibi maji kama chupa inavyoyaziba. Huyaongoza tu yateremke, na huku upepo hupita. Tuyakumbuke makuti hayo, kwa kuwa baada ya miaka maelfu mwindaji wa leo amerudi karibu na shauri hilo hilo.

Sasa tuulize, kiunzi chafaa nini? Mfuko mtupu, hata ukiwa wa ngozi bora, ukijazwa vitu hufutuka kama gunia la viazi. Uzito wake hukimbilia chini na nyuma, ukamvuta mchukuzi mabega, naye huinama mbele kama mtu atafutaye sindano. Vitu vigumu vilivyo ndani humchoma mgongo, na jasho halina pa kutokea. Kiunzi huuinua mzigo, huuweka karibu na uti wa mgongo, na huacha nafasi ya upepo. Katika nchi zetu mizigo mingi ilikwenda kichwani au begani. Hata hivyo wapagazi wa Kinyamwezi walifunga fito kandokando ya mtumba wa nguo, ili usijipinde, na ili wakipumzika waweze kuusimamisha kwenye mti usilale juu ya udongo wa majimaji. Na wanawake wa Kikuyu walichukua kuni mgongoni kwa ukanda wa ngozi upitao juu ya kichwa karibu na paji la uso. Ukanda wa namna hiyo ulijulikana pia kwa wenyeji wa misitu ya Amerika ya Kaskazini, na wawindaji wa Kizungu wakajifunza kwao.

Ukanda huo wa kichwani ulikuwamo katika shanta la Camille Poirier, fundi wa viatu wa mji wa Duluth, katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambaye mwaka 1882 alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Lilikuwa mfuko mpana wa turubali wenye kifuniko na bizimu. Fundi yule alitia kanda za mabegani, ukanda wa kifuani, na tena akatia mahali pa kuchomeka mwavuli. Mwavuli ule ulikuwa wa kutia kivuli. Nadhani hakuna mwindaji aliyemnyemelea kulungu kichakani chini ya mwavuli uliofunguliwa. Lakini mfuko wenyewe ulikuwa imara, na waendao kwa mitumbwi katika maziwa ya nchi ile wangali wakiutumia wa mtindo huo mpaka leo. Ndani ya mtumbwi hukaa vizuri; katika safari ndefu ya miguu humwelemea mchukuzi, kwa kuwa hauna kiunzi.

Kiunzi cha chuma kilitoka Norwei. Ole Bergan alikuwa mpenda uwindaji, na mwaka 1908 alichoshwa na shanta lake laini lililomwelemea njia nzima. Husimuliwa kwamba alichukua tawi la mti akalipinda lilingane na umbo la mgongo wake, akalifunga kwenye shanta, akaona tofauti mara moja. Kisha akatumia bomba jembamba la chuma badala ya tawi, na mwaka 1909 akapata hati yake. Jina lake lilienea kuliko yeye mwenyewe, kwa kuwa askari wa Uingereza huliita shanta lao kubwa kwa jina lake, ijapokuwa wengi wao hawajui ya kuwa lilikuwa jina la mtu.

Habari ya Lloyd Nelson wa Marekani yanipendeza zaidi, kwa sababu inaonyesha jinsi maarifa yanavyopita toka mkono hata mkono. Mwaka 1920 alikuwa Alaska, akaazima shanta la mwenyeji wa huko, lililofanywa kwa ngozi ya sili iliyowambwa juu ya fito. Lilichukua mzigo vizuri, ila fito zilimuumiza mgongo. Nelson hakulidharau, wala hakuliiga kama lilivyo. Alitengeneza kiunzi cha mbao, akakiwamba turubali mbele na nyuma, hata mgongo wa mchukuzi ukaegemea kitambaa kilichokazwa wala usiguse ubao. Akapata hati mwaka 1924. Mfuko wake uliungwa kwenye kiunzi kwa vyuma virefu vilivyopita katika vitundu. Mwindaji akivichomoa, mfuko hutoka wote. Ndipo hufunga nyama juu ya kiunzi kitupu kwa kamba, na mfuko wake hauingii damu. Shanta hilo lilipendwa sana na wawindaji, watega wanyama na walinzi wa misitu.

Basi, shida ya uzito ilikuwa imepata dawa, lakini maji yalikuwa bado. Ngozi isiyopakwa mafuta hunywa maji, huwa nzito, nayo ikikaushwa motoni hukakamaa na kupasuka. Turubali la pamba lina sifa moja nzuri: nyuzi zake zikilowa huvimba, na matundu madogo baina yake hujifunga yenyewe. Lakini hunywa maji kwanza ndipo lizuie, na likilowa kisha usiku ukaja na barafu, asubuhi husimama wima kama ubao. Mabaharia walipaka nguo mafuta ya kitani, na wengine nta. Hizo huzuia mvua, ila huongeza uzito, na nta hukauka katika mikunjo.

Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hati ya kitambaa chenye utando wa mpira katikati ya nguo mbili. Watu walifurahi, kisha wakalalamika. Wakati wa baridi kitambaa kilikuwa kigumu, na wakati wa joto kilinata. Shida hiyo ilipungua baada ya Thomas Hancock huko Uingereza mwaka 1843, na Charles Goodyear huko Marekani mwaka 1844, kupata hati za kuupika mpira pamoja na kiberiti, hata usibadilike sana kwa joto wala kwa baridi. Mtu angedhani mambo yamekwisha hapo.

Hayakwisha, kwa kuwa maji hayapendi kupita katikati ya kitambaa. Hupenda kupita mlangoni. Kila tundu la sindano ni mlango, na mdomo wa mfuko ni mlango mkubwa zaidi. Katika jambo hili wanawake wa Inuit waliwatangulia mafundi wa viwandani. Waliposhona viatu na ngozi za mitumbwi yao, sindano haikupenya ngozi yote. Ilipita katika nusu ya unene wake, ikatokea upande ule ule ilioingilia, kisha wakashona tena kwa upande wa pili. Hivyo hapakuwa na tundu moja lililotoboka toka nje hata ndani. Mashanta mengi ya madukani yenye sifa ya kuzuia mvua hayafikii ushoni huo, na mwenye kutaka kununua afadhali autazame mshono kabla ya kutazama rangi.

Nailoni ilivumbuliwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, na baada ya vita vya 1939 hata 1945 ikaingia katika mashanta. Mwaka 1952 Dick Kelty na mkewe Nena, wa California, walianza kuuza mashanta ya nailoni yenye kiunzi cha alumini, mume akiunda kiunzi na mke akishona mfuko. Mwaka ule wa kwanza waliuza 29, kila moja kwa dola 24. Jambo kubwa lao ni ukanda mpana wa kiunoni, ambao hulifanya nyonga lichukue sehemu kubwa ya uzito na mabega yapumue. Nailoni ni nyepesi, haiozi upesi, na ikipakwa utando kwa ndani huzuia maji. Utando huo nao una umri wake. Baada ya miaka, hasa katika hali ya unyevu, hunata na kubanduka.

Lakini mwindaji ana neno la kuongeza ambalo msafiri wa kawaida hana. Nailoni yenye utando hupiga kelele. Tawi likiikwaruza husikika, na kulungu ana masikio. Kwa hiyo mashanta mengi ya wawindaji hufanywa kwa kitambaa chenye manyoya mafupi, kinyamavu kama sufu. Nacho hunywa maji! Hapo mwindaji hana budi kuchagua, na wengi huchagua ukimya, wakayatia malazi yao katika mfuko mdogo wa ndani usiopitisha maji, ambao mdomo wake hukunjwa mara tatu kabla ya kufungwa. Shanta lilowe likipenda. Blanketi ni kavu. Mimi naona shauri hilo lina akili kuliko kulipia fedha nyingi shanta linalodaiwa kuzuia kila tone.

Tena iko nyama. Katika Alaska huwindwa mnyama mkubwa sana wa jamii ya kulungu, aitwaye musi. Dume kubwa hutoa nyama kadiri ya ratli 500, yaani zaidi ya kilo 220, na sheria ya huko yamkataza mwindaji kuacha porini nyama ifaayo kuliwa. Akichukua ratli 80 kila safari, atakwenda na kurudi mara sita au saba. Basi mtu asiyejua huitia nyama yenye joto katika mfuko uzibao maji, akidhani ameilinda. Joto halipati pa kutokea, jasho la nyama hubaki humo humo, na nyama huharibika hata katika nchi ya baridi. Wavuvi wetu wanaochukua samaki katika pakacha wala si katika mtungi uliozibwa hawana haja ya kufundishwa hili.

Mafundi wa leo wamelifuata jambo hilo katika umbo la shanta. Mfuko husogezwa nyuma, mbali na kiunzi, na nyama hukazwa kati yao, karibu na mgongo, ndani ya vifuko vyepesi vya kitambaa vinavyopitisha upepo na kuzuia nzi. Mvua ikinyesha, mwindaji hutandaza turubali jepesi juu ya mzigo na kuacha pande zake wazi, maji yateremke na upepo upite.