Mchezo wa dadu wa wanyamapori: karatasi moja, familia nzima

Karatasi moja, kalamu na dadu mbili vinatosha kuikusanya familia mkekani baada ya chakula cha jioni. Hiyo ndiyo michezo ya kuchapa nyumbani. Aliyeubuni mchezo huweka faili kwenye intaneti, wewe unalipakua kwa simu na kulipeleka steshenari, ukurasa unatoka, mnacheza. Faili likishapakuliwa, bando halihitajiki tena.

Makala haya yanaeleza michezo hiyo inavyofanya kazi, kisha yanatoa mchezo mmoja kamili tulioutunga kwa ajili ya msikilizaji. Unahusu jambo ambalo wengi wanaoishi jirani na hifadhi wanalijua: tembo na shamba la mahindi kugombea ardhi moja.

Michezo hii ilianzia wapi?

Kurusha dadu na kuandika matokeo kwenye karatasi si jambo jipya. Mchezo wa Yahtzee, wenye dadu tano na karatasi ya alama, ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1956 na bado unachezwa. Michezo ya wanyamapori nayo imepata wapenzi wengi. Mwaka 2022, Cascadia, mchezo wa kupanga dubu, mbweha, samaki na wanyama wengine wa kaskazini magharibi mwa Amerika Kaskazini, ulishinda tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka, Spiel des Jahres. Baadaye yakatoka matoleo yake ya dadu na kalamu.

Kinachofanya mchezo wa aina hii uwe fumbo ni kwamba dadu haiamui kila kitu. Dadu inakupa namba, wewe unachagua pa kuitumia. Bahati ni ya wote, uamuzi ni wako.

Vifaa

Ukurasa wa mchezo wetu ni miraba 36: mistari sita ya kulala, kila mmoja una miraba sita. Andika namba 1 hadi 6 pembeni, kuanzia mstari wa juu. Usipokuwa na steshenari karibu, chora kwenye daftari la hesabu. Kila mchezaji awe na ukurasa wake.

Dadu unaweza kuitengeneza kwa boksi gumu. Chora miraba minne iliyofuatana kwenda chini, kisha ongeza mmoja kushoto na mmoja kulia kwa mraba wa pili, upate umbo la msalaba. Minne ya katikati iandike 1, 2, 6 na 5 kutoka juu. Ya pembeni iandike 3 na 4. Kata, kunja, gundisha. Pande zinazotazamana zitajumlisha 7, kama ilivyo kwa dadu za dukani.

Ijaribu kwanza. Irushe mara 60. Kila namba itoke karibu mara 10. Namba moja ikitoka mara 20, huenda dadu imepinda, tengeneza nyingine. Njia rahisi zaidi ni vikaratasi sita vyenye namba ndani ya kikombe: chomoa kimoja, soma, kirudishe, tikisa, chomoa tena.

Jinsi ya kucheza

Kila namba ina maana yake:

1 – Tembo (andika T)
2 – Nyumbu (N)
3 – Pundamilia (P)
4 – Maji (M)
5 – Simba (S)
6 – Shamba (X)

Mtu mmoja anarusha dadu mbili na kutaja namba kwa sauti. Wachezaji wote wanatumia namba hizohizo, kila mtu kwenye ukurasa wake. Dadu moja inasema nini cha kuandika, nyingine inasema mstari gani. Ipi ni ipi, unaamua mwenyewe. Zikitoka 2 na 6, unaweza kuandika nyumbu kwenye mstari wa 6 au shamba kwenye mstari wa 2. Ndani ya mstari huo, chagua mraba wowote ulio wazi. Kilichoandikwa hakifutwi. Mistari yote miwili ikiwa imejaa, unapitwa.

Mchezo ni mirusho 20. Kisha mnahesabu. Miraba inagusana kwa ubavu tu, pembe hazihesabiwi.

Tembo: tafuta kundi kubwa zaidi la tembo wanaogusana. Kila tembo wa kundi hilo ana alama 3. Aliye nje ya kundi hana kitu. Tembo jike na watoto wao huishi kwa familia, wakiongozwa na jike mzee.

Nyumbu na pundamilia: kila nyumbu anayegusa pundamilia ana alama 2, na kila pundamilia anayegusa nyumbu vilevile. Hata Serengeti wanasafiri pamoja. Pundamilia hula majani marefu magumu, nyumbu hufuata yaliyobaki mafupi.

Maji: alama 2 kwa kila aina ya mnyama inayoyagusa. Aina zote nne zikifika, ni alama 8.

Simba: alama 3 akigusa nyumbu au pundamilia. Akigusa shamba, sifuri.

Shamba: alama 4. Likigusa tembo, sifuri.

Uzio wa nyuki

Kila mchezaji ana uzio wa nyuki mara mbili. Uzio ni mstari mnene unaouchora kati ya miraba miwili, na tembo hahesabiki kuligusa shamba lililo upande wa pili. Simba hazuiliwi. Lazima uchorwe kabla ya mrusho wa 10, yaani kabla hujajua tembo wataishia wapi.

Uzio huu upo kweli. Wakulima wa Kenya na Tanzania wameutumia: mizinga inatundikwa kwenye nguzo na kuunganishwa kwa waya kuzunguka shamba. Tembo akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anaondoka. Mkulima anabaki na mahindi na asali.

Fumbo liko wapi?

Shamba lina alama nyingi, na mtoto atatamani kujaza X kila mahali. Lakini kila X inapunguza nafasi ya tembo kukutana. Chukua mfano: una mashamba matatu mstari wa 6, halafu zinatoka 1 na 6. Utaandika tembo kwenye mstari wa 6, mbali na mashamba kadiri unavyoweza, au shamba jipya kwenye mstari wa 1, ambako ulikuwa umewaachia tembo njia?

Swali hilo linaulizwa pia nje ya karatasi. Ushoroba wa Kwakuchinja, kaskazini mwa Tanzania, ni njia ya wanyama kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara. Watu nao wanaishi humo, wanalima na kufuga. Njia ikizibwa, mnyama hafutiki, anatafuta penye uwazi, na mara nyingi uwazi huo ni shamba la mtu.

Je, dadu si kamari?

Wazazi wengi huuliza hivi, na wana sababu. Kamari ni kuweka fedha au mali kwa matumaini ya bahati. Hapa hakiwekwi chochote, na hilo liwe sharti la nyumba: hata shilingi, hata pipi. Familia nyingine hujiepusha na dadu kwa mafundisho ya dini hata pasipo fedha, hilo liheshimiwe.

Kwa wanaocheza, dadu inaweza kumkinga kijana dhidi ya kubeti. Mwambie aandike jozi zote za dadu mbili. Atapata 36. Sita na sita inatoka kwa njia moja tu kati ya hizo. Tatu na tano ina njia mbili, kwa sababu dadu yoyote kati ya hizo mbili inaweza kuwa na tatu. Halafu muulize: 6 haijatoka mara kumi mfululizo, je, sasa zamu yake imefika? Wengi watasema ndiyo. Jibu ni hapana. Dadu haina kumbukumbu; nafasi ya kila dadu kutoa 6 ni ileile, moja kati ya sita. Anayeendelea kuweka fedha kwa kuamini kwamba zamu yake inakaribia ananaswa na kosa hilohilo.

Kabla ya kuchapa

Ukipakua mchezo wa mtu mwingine, soma masharti yake. Wabunifu wengi huruhusu uchape kwa matumizi ya nyumbani, lakini si kuuza nakala. Huu wetu chora, nakili na mgawie jirani. Mtoto ambaye hajajua kusoma acheze karatasi moja na mkubwa, achore wanyama badala ya herufi. Na kama kwenu anayeingia shambani ni nyani, kiboko au ngiri, mpeni namba ya tembo, kisha mkae pamoja mtunge sheria yake.