Shanga Zilipokuwa Fedha: Biashara ya Mapambo Kaskazini mwa Tanganyika

Mwishoni mwa Aprili 1858 mitumbwi miwili kutoka Ujiji ilifika Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Ndani yake walikuwamo Richard Burton, aliyekuwa taabani kwa maradhi, na mwenzake John Speke. Walikuwa wakitafuta chimbuko la Nile. Watoto wa mtawala Maruta wakawaambia kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki, na tumaini lao likafa hapohapo.

Wanajiografia hukumbuka jibu hilo. Mfanyabiashara angesoma kurasa nyingine za Burton, zile zinazoieleza Uvira kama ghala la kaskazini lenye bei nafuu: watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vitu vya chuma. Vyote hivyo vililipiwa nguo, shanga na vitindi, yaani bangili nzito za waya wa shaba. Waya ulitoka Zanzibar, na mafundi waliofuatana na misafara ndio waliousokota kuwa bangili. Mtaji wao ulikuwa mikono tu, na soko lilitembea pamoja nao. Ila tusipambe mambo: kilichong'aa shingoni mwa mmoja kiliweza kuwa bei ya mwingine aliyefungwa kamba.

Shanga zilikuja kwa wingi kutoka Venice, zikapitia Zanzibar. Zilihesabiwa kwa kete, uzi uliozungushwa mara mbili kutoka kidole gumba hadi kiwiko, na kete 10 zilifanya fundo moja. Burton alikadiria aina zake kuwa kama 400, kila moja na jina lake, thamani yake na mahali pake.

Hapo ndipo wengi walipofilisika. Msafiri Henry Stanley, alipokuwa akijiandaa kwa safari yake ya 1871, aliumiza kichwa kuchagua shanga kuliko kuchagua bunduki, au angalau ndivyo msomaji wa kitabu chake anavyohisi. Sungomaji, aina ya shanga kubwa, zilithaminiwa Ujiji na Uguha, ng'ambo ya ziwa, lakini kwingine zilikataliwa. Nyeupe zilipendwa Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Nyeusi zilikwenda Ugogo. Aliyekosea alibebesha wapagazi wake mizigo isiyonunua hata mtama. Wanawake na vijana wa vijijini, kwa kupenda rangi hii na kuikataa ile, walikuwa wakiamua hatima ya bidhaa za mafundi wa Italia ambao hawakuwahi kuwaona.

Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Ujiji Februari 1874, akaona jambo la ajabu zaidi. Sokoni kila kitu kilipangiwa bei kwa sofi, shanga zilizofanana na vipande vya shina la kiko lililovunjika. Asubuhi walikuja watu na mikoba iliyojaa sofi, wakawabadilishia wanunuzi kwa shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa, waohao walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji. Walipata faida mara mbili kwa siku bila kuuza hata samaki mmoja.

Si kila pambo lilitoka mbali. Cameron aliwakuta watu wa Ujiji wamevaa shingoni vipande vyeupe vilivyochongwa kwa jino la kiboko, umbo la mwezi mwandamo, vimening'inizwa kwa nyuzi za shanga. Kiboko alikuwa jirani ziwani. Kazi ilikuwa ya mchongaji.

Kisha zikaja serikali na sarafu zake. Wajerumani walijenga kituo cha Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897, na rupia yao ikatumika upande wa mashariki wa ziwa. Upande wa Uvira ikatawala faranga ya Kongo. Shanga zikapoteza kazi ya fedha, zikabaki na kazi ya urembo.

Fundi anayeunga shanga Uvira leo hana haja ya kukisia kama Ugogo wanapenda nyeusi. Ila mpaka wa Burundi uko karibu, na mifukoni mwa wateja mna faranga ya Kongo, faranga ya Burundi na dola. Kabla ya kutaja bei ya mkufu, inambidi ajue bei ya fedha zenyewe siku hiyo.