Ngazi mpya ndani ya nyumba ya zamani: pima nafasi ya kichwa, chako na cha mtoto

Mama au mlezi, kama nyumba yenu inaongezwa ghorofa na fundi anataka kupitisha ngazi sebuleni au koridoni, kuna kipimo ambacho unapaswa kukiulizia mapema: nafasi ya kichwa. Huo ni urefu kutoka ukingo wa mbele wa kipandio unachokanyaga, kwenda juu wima, hadi kitu cha kwanza ambacho kichwa kinaweza kukigonga, iwe ni slabu, boriti, linta au dari.

Nyumba inapojengwa upya, ngazi na tundu lake hupangwa pamoja. Kwenye nyumba yenye kuta tayari fundi hubanwa na nafasi. Mara nyingi huacha tundu fupi ili chumba cha juu kisipungue, na ukingo wa slabu unabaki usawa wa paji la uso.

Kwa nini mtoto ndiye anayeumia

Mtu mzima akiona zege iko chini, huinama. Lakini ukiwa na mtoto kwenye mbeleko, unapoinama mgongo wako unalala na mtoto anapanda juu. Wewe unapita salama, zege inampata yeye kichwani. Aliyebebwa mabegani yuko juu zaidi tangu mwanzo. Kushuka nako kuna hatari yake: macho yako yako miguuni, na ukingo wa slabu unakusubiri mbele ya uso. Ukijigonga unapoteza mizani, na mnaanguka wawili.

Kipimo cha kudai

Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka angalau mita 2 juu ya ngazi. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, ila sidhani walioziandika walimfikiria mama mwenye ndoo. Mwanamke wa sentimita 160 akijitwika ndoo ya lita 20 juu ya ngata anakaribia mita 2. Kama maji mtayapandisha kwa kichwa, omba mita 2 na sentimita 10.

Hesabu yenyewe haihitaji ufundi. Tuseme kutoka sakafu hadi chini ya slabu ni sentimita 270, na kila kipandio kina kimo cha sentimita 17. Kipandio cha nne kiko sentimita 68 juu ya sakafu, hivyo juu yake zinabaki 202. Cha tano kiko 85, zinabaki 185 tu. Kwa hiyo tundu lazima liwe limeshaanza kabla hujafika kipandio cha tano. Mwombe fundi achore vipandio vyote ukutani kwa chaki, pamoja na ukingo wa tundu, kisha mpime pamoja kabla zege haijamwagwa.

Kama ngazi tayari zipo, laza mbao iliyonyooka juu ya kingo za vipandio, kisha pima kwa tepu kutoka kwenye mbao kwenda juu. Tepu isimame wima. Timazi au pima maji itakusaidia. Pima chini ya ukingo wa tundu, chini ya kila boriti, na pale ngazi zinapokata kona. Kumbuka vigae kwenye vipandio na dari ya jipsamu chini ya slabu hula sentimita kadhaa. Balbu inayoning'inia nayo ihesabu.

Nafasi ikiwa ndogo, kupanua tundu la slabu iliyokwisha kumwagwa ni kukata nondo. Hiyo ni kazi ya kuamuliwa na mhandisi, fundi asianze kwa nyundo. Wakati mnasubiri, funga sponji nene kwenye ukingo, upake rangi inayoonekana, weka taa. Mtoto mdogo mbebe kifuani kwa mkono mmoja, mwingine ushike reli, na mizigo ibaki chini.

Mtoto akijigonga

Weka kitambaa chenye maji baridi kwenye uvimbe na umwangalie kwa karibu kwa saa 24. Akitaka kulala mwache alale, ila mwamshe mara kwa mara uone kama anaamka kama kawaida yake. Usimpe aspirini.

Mpeleke kituo cha afya mara moja akizimia hata kwa muda mfupi, akitapika zaidi ya mara moja, akipata degedege, akiwa mgumu kuamka, akilia bila kubembelezeka, akikataa kunyonya, au akitokwa damu au majimaji puani au masikioni. Utosi uliovimba ni dalili ya hatari pia. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyegonga zege kwa nguvu mpeleke hata kama anacheza, na mweleze mhudumu mlikuwa mnapanda au mnashuka, na kama mlianguka.