Jamaa ya Musonoi: Historia ya Maneno ya Undugu katika Kambi za Shaba

Neno jamaa lilitoka katika Kiarabu, ambako shina lake lahusu kukusanya na kukusanyika. Waswahili walilipokea, wakalipa maana ya watu wa ukoo mmoja, na baadaye maana pana zaidi ya watu wajuanao. Kutokana na shina hilohilo lugha imepata maneno jamii, jumuiya na Ijumaa. Historia ya neno hili huelezwa mara nyingi kwa kutazama pwani, kisha Tanzania, ambako Julius Nyerere alitoa insha yake juu ya Ujamaa mwaka 1962. Hata hivyo, miaka kadhaa kabla ya insha hiyo, na pasipo uhusiano nayo, neno lilelile lilikuwa limekwisha kuwa jina la chama cha waumini Wakatoliki katika migodi ya Katanga, kwenye kambi za wafanyakazi wa Kolwezi, Musonoi ikiwa miongoni mwao. Historia hiyo ya pili haijulikani sana kwa wanafunzi wa Kiswahili, nayo yastahili kuchunguzwa.

Kwanza hapana budi kuieleza hali ya kambi zenyewe. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miaka yake ya mwanzo ilitegemea wanaume walioajiriwa kwa muda mfupi, walioacha wake na wazee vijijini, na ambao wengi wao walikufa kwa maradhi au walikimbia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo: ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikamruhusu mfanyakazi aje na mkewe, ikajenga nyumba, zahanati na shule, na kugawa poso kwa kadiri ya ukubwa wa familia. Watoto waliozaliwa kambini walihesabiwa kwa furaha, kwa kuwa walikuwa wafanyakazi wa kesho. Kwa njia hiyo mume, mke na watoto wakawa familia iliyotambuliwa na daftari la kampuni. Wajomba, shangazi, dada na kaka waliobaki Kasai, Lomami au kwingineko hawakuwa na mahali katika daftari hilo.

Basi mwanamke aliyefika kambini alijikuta katika upweke wa aina mpya. Kijijini angejifungua akiwa amezungukwa na mama na dada zake. Kambini jirani yake alikuwa mtu wa kabila lingine, na lugha waliyoelewana ilikuwa Kiswahili, ambacho kwa wengi wao hakikuwa lugha ya utotoni. Kiswahili hicho kilikuwa lugha ya amri kazini, ya soko na ya katekisimu. Swali lililobaki ni kama kingeweza pia kuwa lugha ya undugu.

Jibu moja lilitokana na Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1906 na kufika Kongo mwaka 1933. Alijulikana ulimwenguni kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotolewa Elisabethville mwaka 1945. Wanafalsafa wa Afrika wamekipima kitabu hicho kwa ukali, na wengine, kama Paulin Hountondji, wamekikataa kabisa. Lakini kazi ya Tempels haikuishia kitabuni. Baada ya kukaa Ubelgiji kwa miaka michache alirudi Katanga mwaka 1949, na katika miaka ya 1950 alifanya kazi miongoni mwa wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba badala ya kuanza kwa kufundisha, alianza kwa kuwauliza watu ni nini wanachokitamani kupita vyote. Katika majibu yao alisikia mambo matatu: kuishi kwa utimilifu, kuzaa, na kuunganika na wenzao. Kutokana na mazungumzo hayo likazaliwa kundi la waume na wake lililojiita Jamaa.

Mambo hayo matatu yakawa msingi wa mafundisho yote, na yakapata majina ya Kiswahili: uzima, uzazi na mapendo. Inafaa kuyatazama kwa jicho la lugha. Pwani, uzima ni afya au hali ya kutopungukiwa. Katika Jamaa ukawa nguvu ya maisha ambayo mtu hupokea na kuwapa wengine. Mapendo ni umbo ambalo Wakatoliki wa Kongo wamelizoea pale ambapo wengine wangesema upendo. Uzazi ndilo neno lililobadilika kuliko yote. Daftari la kampuni lilitambua uzazi wa mwili. Jamaa ilifundisha kwamba wapo pia wanaozaa kiroho: mume na mke waliowaongoza wengine katika mafundisho, hatua kwa hatua, kwa kile kilichoitwa njia, walikuwa wamewazaa watu hao, nao wakawa watoto wao.

Hapa ndipo mabadiliko ya maneno baba na mama yanapoonekana wazi. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, mama huitwa kwa jina la mwanawe: Mama Fulani ni yule aliyemzaa Fulani. Desturi hiyo humheshimu mzazi, lakini humwacha pembeni asiyejaliwa mtoto. Katika Jamaa kila mwanachama mwanamke aliitwa mama, na kila mwanamume baba, likifuatiwa na jina lake mwenyewe. Umama haukusubiri tena mimba. Katika jamii iliyompima mwanamke kwa uzazi wake, na katika kambi iliyogawa poso kwa hesabu ya watoto, hilo halikuwa jambo dogo. Aidha, mtu hakuingia katika Jamaa peke yake: waliopokelewa walikuwa mume na mke pamoja, na mke alifundisha kama mumewe alivyofundisha.

Tokeo la pili lilihusu undugu. Waliozaliwa kiroho na baba na mama wamoja hawakuweza kuwa wageni wao kwa wao. Neno ndugu, ambalo Kiswahili halilitenganishi kwa jinsia, lilifaa sana kwa maana hiyo: Mluba, Mlunda na Mchokwe, mwanamume na mwanamke, waliingia chini yake pasipo neno kuongezwa kiambishi chochote. Kwa hiyo nasaba mpya ilijengwa juu ya makabila, na ilijengwa kwa Kiswahili. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti katika eneo la Kolwezi katika miaka ya 1966 na 1967 na kutoa kitabu chake mwaka 1971, alionyesha kwamba mafundisho hayo yalikuwa hotuba yenye utaratibu wake, iliyohifadhiwa kwa midomo kuliko kwa maandishi. Kwa mwanaisimu, huo ni ushahidi kwamba Kiswahili cha Katanga, kilichodharauliwa mara nyingi kuwa lugha ya kazi tu, kilimudu kubeba fikra nzito za dini.

Hata hivyo, nguvu ya maneno haya ndiyo iliyoleta hatari yake. Nasaba ya kiroho huwa na wakubwa wake, na uaminifu kwa baba na mama waliomzaa mtu ungeweza kushindana na utii kwa paroko. Tena, lugha ya mapendo na uzazi ilitumika juu ya Yesu na Bikira Maria, na juu ya uhusiano wa padri na waumini wake, kwa namna iliyowatia wasiwasi wakuu wa Kanisa. Vikundi vilivyojitenga, vilivyojulikana kwa jina la Katete, vilituhumiwa kuchukua maneno ya roho kwa maana ya mwili. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 na hakurudi kufanya kazi tena. Alifariki Ubelgiji mwaka 1977. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Katanga waliibana Jamaa, na wanachama wengi wakajikuta wakitakiwa kuchagua kati ya jamaa zao na sakramenti.

Historia imeweka mbele ya maneno haya mizani mbili. Ya kwanza ni ya siasa. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wazaliwa wa Katanga, walifukuzwa kwa maelfu kutoka miji ya migodi, Kolwezi ikiwemo, nao wakangoja treni vituoni kwa majuma na miezi. Majirani waliokuwa wamesali pamoja kwa Kiswahili kimoja walitenganishwa kwa kuulizwa asili ya baba zao wa damu. Undugu wa maneno haukutosha kuzuia hayo. Lakini ni haki kukumbuka kwamba wafukuzaji nao walitumia lugha ya familia, wakiita wengine wana wa nchi na wengine wageni. Maana ya neno mwana ndiyo iliyokuwa ikigombaniwa.

Mizani ya pili ni ya Kanisa lenyewe. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, iliyokutana Roma mwaka 1994, ilichagua mfano wa Kanisa kama Familia ya Mungu kuwa mwongozo wa uinjilishaji barani, na Papa Yohane Paulo II akauthibitisha katika waraka wake wa mwaka 1995. Miaka 40 hivi kabla yake, waume na wake wa kambi za shaba walikuwa wamekwisha kulitaja wazo hilo kwa neno moja la Kiswahili. Haifuati kwamba sinodi iliazima kwao, wala kwamba lawama zote dhidi yao hazikuwa na sababu. Linalofuata ni kwamba atakayeandika historia ya wazo hilo, au hata riwaya juu ya akina dada wawili waliokutana kisimani Musonoi pasipo kuzaliwa tumbo moja, hawezi kuyapita maneno yao. Mama asiye na mtoto aliitwa mama, na mgeni aliitwa ndugu. Nao walioitwa hivyo walilipa gharama ya kuitikia.