Moyo, Unyoya na Ngoma

Ukutani kwangu hapa Kayanga ipo picha niliyopewa na kijana mchoraji wa Kyerwa, mwanafunzi wangu wa zamani. Amechora dunia ya miaka elfu moja ijayo. Majumba ya vioo yamesimama kandokando ya Mto Kagera, na vyombo vya angani vinapita juu ya vilima vya Murongo. Katikati yupo Anubis, mungu wa Wamisri wa kale mwenye kichwa cha mbweha, amevaa vazi la chuma na kushika mizani. Upande mmoja wa mizani upo moyo wa mtu, upande wa pili unyoya. Mwenye moyo amepiga magoti, na uso wake ni wa mchoraji mwenyewe.

Wamisri waliamini kwamba moyo wa marehemu hupimwa dhidi ya unyoya wa Maat, yaani ukweli na haki. Moyo uliolemewa na maovu huliwa na Ammit, dubwana lenye kichwa cha mamba. Hakimu wa wafu alikuwa Osiris, aliyeuawa na ndugu yake, Set, kwa ajili ya ufalme.

Nilimwuliza kijana kwa nini ameileta Misri kwetu. Akajibu, "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba watawala wetu walitoka huko?"

Jibu lile lilinichoma, kwani ni kweli nilifundisha hivyo. Nilidhani nawapa watoto fahari.

Msomaji, dhana hiyo ina historia yake. Mnamo Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika. Walikuta ufalme wenye utaratibu na mfalme mwenye busara. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke aliandika kwamba asili ya watawala wa nchi hizi ni Uhabeshi. Wengine wakaikuza dhana hiyo, ikawa kila jambo jema la Afrika lazima liwe limeletwa na wageni kutoka kaskazini. Kwa jirani zetu wa Rwanda ilitumika kuwatenga Watutsi na Wahutu. Mwaka 1994 wakimbizi walipoingia Karagwe, nilianza kuona kwamba maneno ya vitabuni nayo yana makali.

Lakini Speke huyo huyo alitusimulia jambo ambalo mimi sikuwahi kulifundisha. Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki, wanawe watatu waligombea kiti. Speke anawataja kuwa Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Wakuu wa nchi waliweka mbele yao ngoma ndogo iliyojaa dawa. Kwa uzito ilikuwa kama unyoya, lakini iliaminika kwamba hapana awezaye kuiinua ila yule ambaye mizimu imemkubali. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Rogero hakuridhika, na ugomvi wa ndugu ukageuka vita.

Basi ndugu wanaogombea ufalme tunao, na uzito usioonekana kwa macho tunao. Kwa lugha yetu engoma ni ngoma, na pia ni utawala wenyewe. Ufundi nao tunao. Katika mkoa huu wa Kagera wanaakiolojia wamechimbua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Na mwaka 1876 Henry Stanley alionyeshwa hazina ya Rumanyika, yenye sanamu za ng'ombe za shaba na mikuki iliyofuliwa kwa ustadi.

Nilimweleza kijana hayo yote, nikamwomba radhi. Akaniuliza, "Basi nimfute Anubis?"

Nikamwambia, "La, mwanangu, mwache. Sisi na Misri tunakunywa mto mmoja. Maji ya Kagera huingia Ziwa Viktoria, na kutoka humo hushuka kwa Mto Naili mpaka kwao. Ila kumbuka maji hayo yanatoka wapi na kwenda wapi."

Picha ipo vile vile alivyoichora. Lakini nikiutazama uso wa yule aliyepiga magoti, siku hizi namwona mwalimu wake. Miaka yote ile niliwatafutia watoto fahari ya mbali, na ngoma ilikuwa hapa hapa, nyepesi, ikingoja mtu wa kuiinua.