Sahifa ya Hisabati ya Afrika na Baraza Lililoitangulia

Mpaka wa Tanzania na Kenya, ambao msafiri atokaye Tanga kwenda Mombasa huuvuka Horohoro, haukufuata makao ya Wadigo na Wasegeju, ambao jamaa zao wako huku na huku hata leo; ulipigwa kwa rula juu ya ramani, katika mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, ukaanzia mlango wa mto Umba na kuelekea ziwa Viktoria, ukapindishwa njiani ili Kilimanjaro ubaki upande wa Wajerumani. Mstari huo ni kazi ya jiometria, nao waliopitiwa na mstari hawakuulizwa. Hivyo mtu wa mwambao huu ameijua hisabati kwa sura tatu: ile aliyoirithi kwa wazee wake, ile iliyomjia kwa amri ya wageni, na ile ambayo Waafrika wenyewe wameshiriki kuibuni na kuithibitisha mbele ya ulimwengu. Makala haya yanakusudia kueleza habari za hiyo ya tatu, kwa kuitazama sahifa iitwayo Afrika Matematika, iliyoanza kutoka mwaka 1978, na kuuliza ni jambo gani lililoiwezesha kuzaliwa.

Wazee wa pwani hawakuwa fukara wa hesabu. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Pembe na karafuu zilikwenda kwa frasila. Nguo ilipimwa kwa shibiri na dhiraa. Mwaka wa Nairuzi, uliowaongoza mabaharia na wakulima katika majira ya pepo na mvua, ulikuwa na siku 365, ukihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Na juu ya hayo ilikuwako elimu ya faraidh, yaani ugawaji wa mirathi, ambayo humtaka kadhi awe hodari wa sehemu za namba. Mwanamke akifa bila mtoto wala mzazi, akaacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, mume hustahiki nusu na dada hao theluthi mbili. Lakini nusu ni sudusi tatu, na theluthi mbili ni sudusi nne, wala sudusi saba haziwezi kutoka katika kitu chenye sudusi sita. Wanazuoni hulitatua jambo hili kwa kanuni ya aul: mali hugawanywa mafungu saba badala ya sita, mume akapata matatu na dada wakapata manne, upungufu ukamfikia kila mmoja kwa kadiri ya hisa yake. Mas'ala ya namna hii ndiyo yaliyomshughulisha Al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9, kwani sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra ni ya wasia na mirathi.

Basi kilichopungua hakikuwa akili wala haja. Elimu hiyo ilipita kutoka kwa shekhe hadi kwa mwanafunzi, ikathibitishwa kwa ijaza, ikahifadhiwa vifuani na katika makaratasi ya nyumbani. Na mtu aliyegundua njia mpya ya kukokotoa hakuwa na mahali pa kuiweka wazi ili asiyemjua, aliye mbali naye, aipime na kuipinga. Mitambo ya chapa ilipofika, haikuleta mahali hapo. Msimulizi lilitoka Unguja mwaka 1888, Habari za Mwezi likafuata huko Magila katika miaka ya 1890, na Kiongozi likatoka katika shule ya serikali ya Kijerumani mjini Tanga mwanzoni mwa karne ya 20; nayo yote yalibeba habari, mafundisho na matangazo, na ni fahari ya Tanga kuwa miongoni mwa vitovu vya awali vya uandishi wa Kiswahili, lakini burhani ya hisabati haikuwa katika shughuli zake.

Huko Ulaya nako sahifa za hisabati tupu si za kale sana. Gergonne alianzisha yake katika mji wa Nîmes, Ufaransa, mwaka 1810, na Crelle, aliyekuwa mhandisi kwa kazi yake, akaanzisha ya Berlin mwaka 1826. Faida ya kitu hiki yaonekana katika kisa cha kijana wa Norwei, Niels Henrik Abel. Alikuwa amethibitisha kwamba mlinganyo wa daraja ya tano hauna njia moja ya jumla ya kutatuliwa kwa vipeuo, mas'ala yaliyowashinda watu kwa karne kadhaa, akayapiga chapa mwaka 1824 kwa gharama yake mwenyewe. Na kwa kuwa hakuwa na fedha, aliibana burhani yote katika kurasa sita, ikawa ngumu hata wakubwa wa fani wasiishughulikie. Miaka miwili baadaye Crelle alimpa nafasi ya kuieleza kwa ukamilifu, na juzuu ya kwanza ya sahifa yake ikajaa kazi za Abel, aliyefariki mwaka 1829 akiwa na umri wa miaka 26 tu. Burhani ilikuwa ni ile ile. Kilichoongezeka ni wasomaji waliokwisha kukusanyika pamoja wakiwa tayari kuisoma.

Jambo hilo ndilo lililochukua muda kutimia Afrika. Mwaka 1962 walimu na wataalamu wa hisabati kutoka nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe pamoja na wenzao wa Marekani na Uingereza kutunga vitabu vipya vya shule, na mikutano hiyo ikaendelea Mombasa baadaye katika mwongo huo huo. Mwaka 1966 kikaundwa Chama cha Hisabati Tanzania, ambacho watu hukiita CHAHITA. Mambo haya yalihusu ufundishaji kuliko utafiti, lakini yaliwazoesha watu wa fani moja kukaa pamoja na kuzungumza kwa istilahi moja. Kisha mwezi wa Julai 1976 ukafanyika Rabat, Moroko, mkutano mkuu wa kwanza wa wanahisabati wa Afrika nzima, na humo ukazaliwa Umoja wa Wanahisabati wa Afrika, rais wake wa kwanza akiwa Henri Hogbe Nlend wa Kameruni, bingwa wa uchanganuzi. Baada ya miaka miwili hivi Umoja huo ukawa na sahifa yake.

Mfuatano huu wastahili kuangaliwa sana: kwanza walikutana, kisha wakaungana, na mwisho wakapiga chapa. Sahifa haikuwa chanzo cha ushirika wao bali tunda lake, na ndiyo sababu iliweza kudumu katika bara ambalo posta yake ilikuwa ya taabu na fedha zake za kigeni haba. Mikutano mikuu iliendelea kuilisha: Jos, Nigeria, mwaka 1986, Nairobi mwaka 1991, ndipo zamu ya Afrika Mashariki ilipofika, na mingineyo baadaye. Mwaka 1986 Umoja uliunda pia tume ya historia ya hisabati barani, chini ya Paulus Gerdes wa Msumbiji, ambaye alichunguza jiometria iliyomo katika ususi wa vikapu na mikeka, akionyesha kuwa mkono wa msusi hufuata kanuni ambazo darasani huandikwa kwa alama. Tangu mwaka 2011 Afrika Matematika hutolewa kwa ushirika na kampuni ya Springer, hivyo ikafika katika maktaba nyingi za dunia ambazo awali hazikuipata.

Mawanda yake ni mapana. Humo huingia aljebra na nadharia ya namba, uchanganuzi na topolojia, jiometria, milinganyo tofautishi na uwezekano, na kadhalika hisabati ya matumizi, ambayo kwayo mtafiti huunda mfano wa kuenea kwa maradhi au mwendo wa maji na hewa. Makala hayakubaliwi kwa heshima ya jina la mwandishi wala ukubwa wa chuo chake. Mhariri huyapeleka kwa wahakiki wenye ujuzi wa sehemu ile, nao huipima kila hatua ya burhani, wakauliza kama jambo ni jipya, kama linafuata kweli kutoka katika yaliyotangulia, na kama aliyelisema kabla amepewa haki yake. Mwandishi huweza kurudishiwa kazi mara kwa mara, na asiyestahimili kusahihishwa hawezi fani hii. Katika hilo sahifa hufanana na isnadi ya wapokezi wa hadithi, ambayo uzito wake hutegemea uaminifu wa kila mmoja aliyesimama katika mfululizo ule, ila hapa shahidi wa mwisho ni burhani yenyewe.

Na watu wa Afrika Mashariki hawakukaa nje ya mlango. Tangu mwaka 2002 vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Makerere na Nairobi vimeshirikiana na wengine katika mpango wa kuwafunza watafiti wa hisabati kwa msaada wa Sweden. Kabla ya hapo, mwaka 1986, Verdiana Masanja alipata shahada ya udaktari wa hisabati mjini Berlin, akawa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kufikia daraja hiyo, na utaalamu wake ni mwendo wa vimiminika na hewa.

Iko kasoro moja. Mtoto wa shule ya msingi ya Tanzania amesoma hesabu kwa Kiswahili tangu 1967, lakini utafiti wa daraja ya juu humfikia kwa lugha nyingine, wala Afrika Matematika haiandikwi kwa Kiswahili. Wapo wanaosema lugha haijatosha. Jawabu la hoja hiyo limo katika historia ya lugha yenyewe: mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, na kutoka katika shughuli zake likachipuka jarida ambalo leo laitwa Kiswahili, nalo limehoji sarufi na fasihi kwa kina, na Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, alikuwa miongoni mwa waliokaa katika Kamati hiyo. Huko nako baraza lilitangulia, sahifa ikafuata, na istilahi zikapatikana njiani kwa sababu watu walizihitaji.

Kwa hiyo atakaye kuiona sahifa ya hisabati katika Kiswahili asianze kutafuta mpiga chapa wala mfadhili. Na waanze walimu wa Tanga, Muheza na Mkinga pamoja na wenzao wa Kwale na Mombasa, wapelekeane mas'ala, na jawabu la mmoja lipimwe na mwingine asiyemjua, kwa lugha ambayo wote wawili huota kwayo. Watakapozoea kukosoana kwa hoja pasipo kinyongo, watakuwa na kitu kinachostahili kuchapwa, na hapo ndipo itakapofaa kumwuliza mpiga chapa bei ya karatasi.