Vyuma vya Salaita

Mvua zikinyesha, mashamba ya kuelekea kilima cha Salaita hufichua maganda ya risasi na vifungo vya shaba. Wengi wetu huviuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Kabla hujauza, tazama kitako cha ganda. Ukingo ukitokeza nje na ganda ni jembamba, ni .303 ya Waingereza. Ukiona mfuo umezunguka kitako bila ukingo kutokeza, ni Mauser ya Wajerumani, milimita 7.92. Lililo nene kuliko yote, milimita 11, ni la bunduki kuukuu ya 1871 yenye moshi mzito, ambayo askari wengi wa Kijerumani walianza nayo vita. Mara nyingi mwaka umepigwa hapo hapo: 15 ni 1915.

Vifungo ni vigumu zaidi. Taji lenye matao ya mviringo lilitumika tangu 1901 hadi 1952, kwa hiyo halitenganishi vita vya kwanza na vya pili.

Lakini mahali kilipookotwa ndipo penye habari. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na tarehe 12 Februari 1916 waliwarudisha nyuma Waafrika Kusini pale Salaita. Mstari wa maganda shambani unaonyesha watu walikolala wakifyatua. Ukishauzwa, umekwenda. Na wapagazi wa Kariakoo, babu zetu, hawakupewa bunduki. Mizigo yao haikuacha maganda.

Kombora usiliguse, ita polisi. Vingine viripoti kwa Makumbusho, pamoja na jina la shamba. Sehemu ya michango ya mwaka huu ni ya daftari la kuandikia majina hayo, na ya kuwarekodi wazee waliosimuliwa habari za wapagazi.